Jumapili za Kupiga Misele

Mafuta ya elfu tano, watu sita ndani ya gari moja, na mji mzima wa kuzunguka. Mhariri wetu anakumbuka enzi hizo, na anaeleza kwa nini yeye na mumewe wamerudi barabarani.

Kama ulikuwa kijana Dar es Salaam miaka ya mwanzoni mwa 2000, sina haja ya kukueleza misele ni nini. Kama hukuwepo, nikusaidie kidogo: kupiga misele ni kuzunguka mjini bila safari. Huendi kwa mtu, huendi dukani, wala hukutumwa. Unatoka nyumbani, unazunguka, unarudi pale pale ulipotoka. Ukiulizwa ulikuwa wapi, jibu ni "nilikuwepo tu". Wapo waliopiga misele kwa miguu, wapo waliopiga kwa daladala kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Lakini misele yenyewe, ile iliyokufanya uoge mara mbili na kupiga pasi jinzi, ilikuwa ya gari.

Mwaka 2004 nilikuwa na miaka 16, na gari halikuwa langu. Wala halikuwa la binamu yangu aliyekuwa akiliendesha. Lilikuwa la mjomba: Toyota Mark II nyeupe, iliyokuja na meli kutoka Japani ikiwa imeshatumika, kama magari karibu yote ya mji huu. Mjomba alikuwa karani bandarini, mtu wa kuandika kila kitu. Gari lile alilinunua kwa mkopo na akalifunika kwa turubai kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, maana kazini alikuwa anakwenda kwa basi la kazini. Alikuwa anaamini kwamba gari huchakaa kwa kutazamwa.

Binamu yangu alikuwa na miaka 19 na leseni mpya mfukoni. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alisimama mlangoni, mikono nyuma, akasema maneno yale yale: "Baba, betri italala ile. Ingepashwa moto kidogo." Mjomba alitazama saa, akatazama kapeti, akatoa funguo. Sharti lilikuwa moja: gari liwe chini ya turubai kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Betri gani inapashwa moto saa nne mfululizo, sijui. Lakini nyumba nzima tuliheshimu maelezo hayo.

Jumapili iliyokatazwa

Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwa nini mjomba hakutoa funguo zile kirahisi. Kizazi chake kilipitia Jumapili za aina nyingine. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1979, vita vya Kagera vikawa vimekula akiba ya nchi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni za kuagizia mafuta zilikuwa haba. Serikali ikapiga marufuku magari ya binafsi kutembea barabarani Jumapili mchana. Mwenye gari alilitazama tu. Mjomba alikuwa anatusimulia kwamba ikifika saa nane mji ulikuwa unanyamaza kama kuna msiba, na watoto walicheza mpira katikati ya barabara za lami.

Kwa hiyo fikiria mtu aliyekulia kwenye hali hiyo, halafu miaka ishirini baadaye mwanawe anamwomba gari Jumapili, mchana huo huo, akazunguke tu. Bila safari! Kwetu sisi mafuta yalikuwa kitu cha kuchangishana. Kwa mjomba yalikuwa kitu cha kuheshimu.

Tulichangishana kweli. Wavulana walitoa mafuta, wasichana tulitoa mihogo. Mafuta ya elfu tano yalitosha kupiga raundi na chenji ya wasiwasi ikabaki. Leo elfu tano hainunui hata lita mbili. Kiyoyozi hakikuwashwa kabisa kwa sababu "kinakula mafuta", ingawa sababu ya kweli ni kwamba ukifunga vioo nani atakuona?

Raundi yenyewe

Tulikuwa tunatokea Kinondoni, tunaingia Ali Hassan Mwinyi, tunavuka Daraja la Salenda na kukata kuifuata bahari. Wakati huo barabara ile iliitwa Ocean Road. Jina la Barack Obama Drive ilipewa mwaka 2013, rais huyo wa Marekani alipokuja. Unapita Ikulu umenyoosha mgongo kama umeitwa, unafika Feri, harufu ya samaki inaingia kwa madirisha yote manne, unafuata Kivukoni hadi mjini.

Halafu Samora. Siku za kazi Samora ni barabara ya watu wenye mafaili. Waingereza waliiita Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, kisha ikapewa jina la Samora Machel. Jumapili jioni ilikuwa yetu. Maduka yamefungwa, walinzi wamekaa kwenye viti vyao, na lami imetulia. Tulizunguka Sanamu ya Askari taratibu, mara mbili, wakati mwingine mara tatu. Askari yule wa shaba yuko pale tangu 1927, na nadhani hakuna aliyewahi kuonyeshwa nguo mpya nyingi kama yeye.

Kutoka mjini tulirudi Salenda na kuingia upande wa pili, kulia tena kuifuata bahari hadi Toure Drive. Hapo sasa ndipo binamu alipobadilika. Mkono wa kulia unatoka nje ya dirisha, kiti kinarudishwa nyuma, mwendo unashuka hadi unaweza kuzidiwa na muuza madafu. Coco Beach Jumapili ilikuwa imefurika: watoto majini, vijana kwenye mchanga, moshi wa mishikaki, na barabarani foleni ya hiari. Magari yote yanakwenda taratibu, na hakuna anayepiga honi kwa hasira. Ukikutana na gari unalolijua unawasha taa mara mbili. Ukikutana na gari unalotaka kulijua unawasha mara tatu.

Muziki ulikuwa na siasa zake. Redio za magari yaliyotoka Japani zinaishia masafa ya 90, kwa sababu huko kwao FM yao inaanzia chini zaidi, 76. Stesheni za juu ya hapo huzipati hadi fundi akufungie kifaa cha kushusha masafa. Bahati nzuri Clouds FM ilikuwa chini ya 90, kwa hiyo hatukukosa kitu. Na kama redio ilikuwa na matangazo mengi, kulikuwa na kanda: Juma Nature, Professor Jay, TID, na sisi wa siti ya nyuma tukipiga kelele hadi Ray C au Lady Jaydee awekwe. Kanda ya Lady Jaydee iliwahi kukwama ndani ya deki, tukaisikiliza Jumapili tano mfululizo. Wavulana walilalamika mdomoni, lakini midomo hiyo hiyo ilikuwa inaimba.

Tulifika Sea Cliff, tukageuza, tukarudi Coco kununua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu kwenye gazeti, tukala juu ya boneti. Hapo ndipo namba zilipobadilishana. Uliandika namba kiganjani, kwenye tiketi ya daladala, kwenye noti ya mia tano kama huna akili. Usiku anakubipu mara moja, ina maana amefika nyumbani. Anakubipu mara mbili, ina maana anakuwaza. Mtu alikuwa anaweza kupendwa mwezi mzima bila hata shilingi moja ya vocha kutumika. Jamani tumetoka mbali!

Siti ya mbele

Sasa nisikupambie tu. Ndani ya gari lile kulikuwa na madaraja, na kila mtu alijua lake. Dereva ni binamu. Siti ya mbele ni ya rafiki yake, au ya msichana ambaye wiki hiyo anachukuliwa kuwa ni wa binamu. Sisi wengine tulijazana nyuma, wanne kwenye nafasi ya watatu, mmoja amekaa upande. Siti ya mbele ilikuwa cheo. Msichana akishuka nyuma na kupandishwa mbele, Jumatatu shule nzima inajua. Akirudishwa nyuma, Jumatatu shule nzima inajua pia, na hakuna mtu anayemwuliza kulikoni.

Niliwahi kumwambia binamu anifundishe kuendesha. Alicheka, hakucheka kwa ubaya. "Mdogo wangu, wewe utaendeshwa tu," aliniambia, na alikuwa anamaanisha ni baraka. Wasichana wenzangu waliitikia kama amina. Mimi nilibaki nimetazama mikono yake kwenye usukani. Kuanzia siku hiyo nikawa napiga misele kwa macho mawili: moja la kuuza sura, na jingine la kusoma gia.

Nilimaliza chuo kikuu mwaka 2011, shahada ya mawasiliano ya umma. Mshahara wa kwanza nilipeleka nyumbani, kama desturi. Wa tatu nikaupeleka shule ya udereva, nikajifunza kwenye gari lenye herufi L juu ya paa, likizimika katikati ya makutano huku konda wa daladala ananiita "sista" kwa namna ambayo si ya heshima. Mwaka 2014, kwa mkopo wa SACCOS, nikanunua Vitz ya kijivu, ile ambayo mjini waliipachika jina la beibi woka. Wacheke. Siku niliyoitoa bandarini sikwenda nyumbani. Nilikwenda Samora.

Waliokuwa mchangani

Mume wangu nilikutana naye kazini mwaka huo huo. Yeye ni mtoto wa Temeke. Miezi ya kwanza, katika zile hadithi za kujuana, nikamsimulia kuhusu Jumapili za Coco, Mark II ya mjomba, boneti, na mihogo. Alisikiliza akitabasamu. Nilipomaliza akaniuliza: "Taa moja ya nyuma, ya kushoto, ilikuwa imebandikwa gundi ya karatasi nyekundu?"

Nilinyamaza. Ilikuwa imebandikwa kweli. Mjomba alikuwa anasubiri taa ya mtumba.

Kumbe Jumapili zile zile naye alikuwepo. Yeye na wenzake walipanda daladala mbili kutoka Temeke, wakatembea kipande cha mwisho kwa miguu ili nauli ya kurudi ibaki, wakakaa mchangani wakitazama magari. Walikuwa na mchezo wao: kila mtu anachagua gari kabla halijatokea kwenye kona, na gari alilolichagua likipita ndilo "lake". Alizijua Mark II, Chaser na Corolla za barabara ile kwa namba, kwa mikwaruzo, na kwa sauti ya bomba la moshi. Aliijua na ya kwetu.

"Nyie mlikuwa mnauza sura," aliniambia. "Sisi ndio tulikuwa wateja."

Nikacheka sana. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki sana. Katika kumbukumbu zangu zote za Coco, watu wa mchangani walikuwa mandhari, kama minazi. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu pale anaijua taa yetu iliyovunjika. Ndiyo maana siku zote nawaambia wasomaji wangu, hasa mnaoanza safari ya uchumba: kabla ya kuuliza mwenzako anapenda nini, muulize alikuwa amekaa wapi. Mji mmoja, jioni moja, barabara moja, halafu mmoja yumo garini na mwingine yuko mchangani. Hizo ni kumbukumbu mbili tofauti, na zote mtalala nazo kitanda kimoja.

Tulifunga ndoa mwaka 2016. Kwenye gari letu mambo yakajipanga yenyewe bila kikao: tukiwa wawili, anaendesha yeye. Gari lilikuwa langu kwa kadi, lakini ukweni tulipofika niliyeshuka mlango wa kushoto ni mimi. Sikulalamika. Alikuwa anaendesha vizuri, na nilijua anapoikamata ile Vitz kuna mvulana wa Temeke hatimaye amechagua gari na likasimama.

Nani aliiua misele?

Watu wengi hulaumu foleni, na ni kweli foleni ilichangia. Bei ya mafuta nayo ilifanya kazi yake. Mlimani City ilipofunguliwa mwaka 2006, vijana wakapata mahali pa kuuza sura penye kivuli na ngazi safi. Mwaka 2007 Sea Cliff iliungua, na kwa muda ncha ile ya raundi yetu ikapoteza ladha. Lakini mimi naamini muuaji mkuu alikuwa mfukoni mwetu. Siku hizi kuuza sura hakuhitaji mafuta, kunahitaji bando. Unakaa kitandani, unawasha taa mara mbili kwa mtu wa Mwanza, naye anakuwashia.

Si hapa tu. Wamarekani ndio waliofanya jambo hili kuwa utamaduni kamili: miji yao mingi ilikuwa na barabara kuu moja ambayo Ijumaa na Jumamosi usiku vijana waliizunguka kwa magari hadi mafuta yaishe. George Lucas, kabla ya mambo ya vita vya angani, alitengeneza filamu nzima kuhusu usiku mmoja wa namna hiyo, American Graffiti ya mwaka 1973, akikumbuka mji aliokulia wa Modesto, California. Baadaye miji mingi ikaweka sheria za kukataza mizunguko hiyo kwa sababu ya msongamano na fujo. California yenyewe imegeuka: kuanzia Januari 1, 2024, miji ya jimbo hilo haina tena mamlaka ya kuipiga marufuku. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mjomba. Serikali inaruhusu watu kuzunguka bila safari!

Daftari la mjomba

Mjomba alifariki mwaka 2019. Mark II ilikuwa imeshauzwa zamani. Baada ya arobaini, shangazi aliniita nimsaidie kupanga makaratasi, maana mimi ndiye "mtu wa maandishi" wa ukoo. Katikati ya risiti za umeme na hati za mkopo kulikuwa na daftari gumu la hesabu, lile la mistari miwili. Juu ameandika: GARI.

Tarehe za kubadilisha oili, bei ya matairi, siku ya bima. Na katikati ya hayo, Jumapili baada ya Jumapili, kuanzia 2004 hadi binamu alipoondoka kwenda kusoma: kilomita za kutoka, kilomita za kurudi, tofauti. Kilomita 27. Kilomita 26. Kilomita 31, na pembeni alama ya kuuliza. Chini ya kila mstari neno moja kwa mwandiko wa karani: "Wamerudi."

Mtu yule alijua siku zote. Betri haihitaji kilomita 27. Alikuwa anatoka nje usiku baada ya taarifa ya habari, anafunua turubai, anasoma mita kwa tochi, anaandika, analala. Hakutuambia hata siku moja. Shangazi alikaa kwenye mkeka, akapitisha kidole kwenye neno lile ukurasa mzima, akasema, "Huyu hakuwa analala mpaka asikie geti." Binamu yangu, ambaye sasa ana watoto watatu na kipara, nilimtumia picha ya ukurasa mmoja. Hakujibu kwa siku mbili. Kisha akatuma ujumbe mfupi: "Leo nimeangalia mita ya gari alilochukua mwanangu."

Juu ya daraja

Mwishoni mwa 2021, kampuni aliyokuwa akifanyia kazi mume wangu ilipunguza wafanyakazi. Naye akawemo. Wiki za kwanza alikuwa imara kuliko mimi. Aliandika barua, alipiga simu, alimpeleka mtoto shule. Kufikia mwezi wa tatu nyumba yetu ilikuwa na adabu nyingi mno. "Umeshindaje?" "Salama." "Chakula kipo." "Ahsante." Kama umewahi kuishi kwenye ukimya wa aina hiyo, unajua unavyokula watu. Hakuna ugomvi wa kusuluhisha. Hakuna mshenga wa kumwita, utamwambia nini? Nilianza kuchelewa ofisini bila sababu. Yeye akaanza kulala mapema bila usingizi. Nilikuwa naona kwa macho yangu jinsi watu wawili wanaopendana wanavyoweza kuachana bila mtu yeyote kuondoka.

Mwaka 2022 Daraja la Tanzanite lilifunguliwa, lile la kilomita 1.03 linalopita juu ya bahari kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan hadi upande wa Coco. Mji mzima ulikuwa unakwenda kulitazama. Jumapili moja nikamwachia mama mtoto, nikachukua funguo, nikamwambia mume wangu twende tukalione. Akaelekea mlango wa kushoto. Hakusema kitu, nami sikusema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuoane mimi kumwendesha yeye bila sababu ya ugonjwa.

Tulipoingia darajani jua lilikuwa linashuka. Upande mmoja bahari, upande mwingine Salenda ya zamani na magari yake. Mbele yetu kulikuwa na foleni ya kutazama, magari yakitambaa kama ile ya Toure Drive enzi zetu. Nami nilikuwa natazama taa za gari la mbele, aliposema:

"Mama, unajua ninachoogopa?"

"Mm."

"Siogopi kukosa kazi. Kazi itapatikana. Naogopa utanizoea hivi."

Sikuweza kumgeukia. Nilikuwa naendesha. Na naamini hadi leo kwamba ndiyo sababu aliweza kulisema. Chuoni tulimsoma mwanaanthropolojia Edward T. Hall, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1966 alipima umbali watu wanaouweka kati yao: chini ya sentimita 45 ni eneo la watu wa karibu kabisa. Siti mbili za mbele za Vitz zinakaribia hapo. Lakini tofauti na kitandani au mezani, ndani ya gari mko karibu hivyo na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Macho yote yako mbele. Mwanaume aliyelelewa kutoonyesha woga anaweza kuuweka kwenye dashibodi, mkautazama wote wawili kama kitu kilichoko barabarani.

Tuliposhuka darajani upande wa Coco nilimwambia, "Sijakuzoea. Nakusubiri." Kisha nikamwuliza kama tuzunguke tena. Akasema tuzunguke. Tukarudi mjini kwa Salenda, tukapanda Tanzanite tena. Raundi ya pili alizungumza yeye. Aliniambia kuhusu wenzake waliokuwa hawapokei tena simu zake, na kuhusu asubuhi alizoketi stendi kwa sababu alishavaa shati na hakuwa na pa kwenda. Raundi ya tatu nilizungumza mimi, kuhusu kuchoka, kuhusu ada, kuhusu hofu yangu kwamba nikilalamika nitakuwa nimemvunja. Tulirudi nyumbani taa ya mafuta imewaka. Kazi haikupatikana wiki ile, wala mwezi ule. Alikuja kuipata baada ya miezi saba, ya mshahara mdogo kuliko wa zamani. Lakini zile adabu ziliisha usiku ule ule.

Misele ya wawili

Tangu hapo tuna Jumapili moja kila mwezi. Wasomaji wengi mnaniandikia kwamba hamna muda wa kuzungumza na wenzi wenu, na mkipata muda mnaishia kujadili ada na gesi. Haya ndiyo masharti yetu, yachukue kama yanakufaa.

Moja, hakuna safari. Ukipitia supamaketi umeshaharibu. Mbili, simu zinakaa kwenye kiboksi cha dashibodi, na ramani hamuhitaji kwa sababu hamwendi popote. Tatu, mnapokezana usukani. Aliyeendesha mwezi huu, mwezi ujao anakaa kushoto. Usiidharau hii. Mtu asiyewahi kukaa kushoto hajui jinsi mwenzake anavyouona mji. Nne, kinachosemwa ndani ya gari hakitumiki kama ushahidi siku ya ugomvi. Tano, mihogo ni lazima.

Na kama hamna gari, msiniambie hii haiwahusu. Kaeni siti ya mbele ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni na kurudi. Pandeni pantoni ya Kigamboni, msimame kwenye chuma mkitazama maji badala ya kutazamana. Mume wangu hakuwa na gari Jumapili zile, na bado ndiye aliyekumbuka taa yetu ya nyuma. Kinachotakiwa ni mwendo mdogo, macho mbele, na mtu mmoja pembeni yako ambaye hana haraka ya kufika.

Jumapili ya mwisho ya mwezi tunakuwa Toure Drive, mnamo saa kumi na moja na nusu. Ukiiona Vitz ya kijivu inakwenda polepole kupita kiasi, usipige honi. Washa taa mara mbili, utajibiwa.